Simu ya Upande wa Pili

Mtu aliyenifanya niikimbie nchi yangu alinipigia simu kuniomba nikampokee stendi.

Ndiyo, huyo huyo. Msemaji wa serikali. Sisi waandishi wa uhamishoni tulimwita Kanusho, maana hata mvua ikinyesha yeye angekanusha.

"Wamenitumbua, bwana mdogo," akasema. "Nimebaki na mkoba na mdomo wangu. Njoo tu."

Nilitaka kukata. Ila dada yangu yuko gerezani kwa kosa la kuichoma ofisi ya gazeti letu, ofisi aliyokuwa mpokezi wake, na aliyemtangaza kwenye televisheni kuwa ndiye mchomaji ni Kanusho. Nikaenda.

Nikamleta kwenye chumba chetu cha habari, yaani chumba kimoja juu ya duka la dobi, kompyuta tatu na shuka la kijani ukutani. Nyumbani wanaifungia tovuti yetu, sisi tunafungua nyingine. Ndiyo maisha.

Akamwaga yote mbele ya kamera. Nani aliagiza petroli, nani aliwasha kiberiti.

"Yule dada hakuwepo hata karibu. Nilijua. Nilisoma nilichopewa."

Machozi yalinitoka. Nilitamani kumkumbatia na kumzaba kofi kwa wakati mmoja.

"Rusha," nikamwambia mpiga picha wetu.

Akanionyesha ukutani. Mhariri wetu mkuu, Jemedari, mzee wa "hatutarudi nyuma", alikuwa amebandika amri yake: HAKUNA HABARI BILA UPANDE WA PILI. SIMU IREKODIWE. Alishamfukuza mtu kazi kwa hilo.

Mwenyewe hapatikani. Tangu juzi ameenda kung'oa jino. Jino gani hilo, la tembo?

Basi nikapiga ofisi ya msemaji. Miaka yote simu ile haipokelewi. Tunapiga kutimiza wajibu, kisha tunaandika "hakupatikana".

Siku hiyo ikapokelewa hapo hapo. Mgeni wa cheo ana bidii, jamani.

"Ofisi ya Msemaji wa Serikali, karibu."

Nikasoma swali langu. Sauti ile ilikuwa ikinigombeza kila asubuhi. Kama alinitambua, hakuonyesha.

"Hizo ni porojo za wakimbizi wenye njaa," akajibu. "Ofisi aliichoma yule mpokezi. Ushahidi upo."

"Mkuu," nikasema, "jino limetoka?"

Nikaendelea kabla hajakata.

"Mpokezi huyo ndiye aliyekuficha kwake ulipokuwa unatafutwa."

"Mdogo wangu," akanong'ona, "nimechoka kulala sakafuni. Nielewe. Hilo usirekodi."

"Amri ni yako, mkuu."

Akakata.

Kanusho alikuwa anacheka hadi anafuta macho. "'Porojo za wakimbizi wenye njaa' niliitunga mimi. Nimeiacha kwenye droo."

Tukarusha pande zote mbili, neno kwa neno. Hakimu ameagiza kesi ya dada isikilizwe upya. Bado yuko ndani, lakini safari hii nina matumaini, na siogopi kusema hivyo.

Kanusho sasa anakalia kiti cha Jemedari. Juzi aliomba tuibandue ile amri ukutani, eti inatuchelewesha.

Nimeipigilia misumari.

Wanasema kikulacho ki nguoni mwako. Sawa. Mimi naongeza: mtu akiwa bado ana msimamo, mwandikisheni sheria haraka. Msimamo utahama, sheria mtabaki nayo.