Mlango wa Mbele wa Mama Vitambaa

Tangazo lilisomwa mbele ya waumini kwa utulivu uliostahili: kuugawa usharika si kugawanyika bali ni kukua, mbele za Mungu hakuna huduma iliyo kubwa kuliko nyingine, na kila kaya itahesabiwa kwenye usharika unaotazamwa na mlango wake wa mbele.

Watu waliitikia amina. Mama Vitambaa aliitikia mpaka pale pa huduma. Pa mlango alinyamaza.

Ni fundi cherehani, na jina hilo alipewa kwa sababu ndiye anayefua, kupiga pasi na kutandika vitambaa vya madhabahu ya kanisa la mawe. Vitambaa hivyo havichanganywi na nguo za watu. Vina kamba yao uani, na siku ya kuvianika mumewe haruhusiwi kutundika hata soksi. Bahati mbaya, nyumba inatazama barabara ya juu, kwenye usharika mpya unaosali ndani ya ghala la saruji, madhabahu ikiwa meza ya kuazima. Na huko vitambaa vilishapata mtunzaji: wifi yake, dada wa mumewe, jirani wa ukuta kwa ukuta, aliyefundishwa na yeye hata namna ya kushika pasi.

Jioni hiyo wifi alikuja kumpa pole. Alikunywa chai, akasifu mapazia, kisha akamshika mkono.

“Usijali, wifi. Utakuwa unanisaidia kunyoosha.”

Usiku Mama Vitambaa aligeuka kitandani kama chapati, mpaka mumewe akahamia kwenye kochi. Asubuhi aliita mwashi, akaamuru mlango wa mbele uzibwe kwa matofali. Ule wa jikoni, unaotazama kanisa la mawe, ukapakwa rangi na kuwekewa kengele.

Mume aliuliza kwa upole kama wageni wake sasa watapita kwenye masufuria.

“Wageni wako huja kula, baba watoto. Nimewapunguzia safari.”

Wazee wa kanisa walikuja kukagua. Walipita kwa ubavu kati ya jiko na ndoo, mmoja akapakaa masizi kwenye koti, wakaketi sebuleni na kushauriana. Kanuni ilisema mlango wa mbele, na nyumba hii ilikuwa na mlango mmoja tu, kwa hiyo huo ndio ulikuwa wa mbele. Mama Vitambaa akabaki na madhabahu yake. Aliwasindikiza kwa sauti kubwa kidogo, ili ukuta wa jirani usikie.

Ukuta ulisikia. Nyumba ya wifi haina mlango wa nyuma. Upande wa kanisa la mawe ni ukuta mtupu. Jumatatu iliyofuata mwashi yuleyule alionekana huko na kamba ya kupimia, huku wifi akimwonyesha kwa kidole pa kuanzia kubomoa ule ukuta mtupu.