Maksai Asiyejua Mwito Wetu

Asubuhi ile ya Jumapili shambani tulikuwepo wanne: mimi niliyeshika plau, mdogo wangu wa kiume anayenifuata, aliyekuwa amerudi kutoka chuo kikuu, kitinda mimba wetu, msichana wa darasa la sita, aliyewaongoza ng'ombe kwa mbele, na jirani yetu mjane, aliyekaa pembeni bila kumwondolea macho maksai wake. Wazazi wetu walikuwa wameshafariki. Mimi niliacha shule darasa la tano ili hao wawili wasome.

Maksai wetu alikuwa amebaki peke yake baada ya mwenzake kufa, na mjane alituazima wake mpaka saa sita mchana. Alimnunua kwa wafugaji Wasukuma wa Kamsamba. Maksai huyo alikuwa na nguvu za ajabu, lakini alifundishwa kwa Kisukuma, na sisi tulikuwa tunawaita ng'ombe kwa Kinyiha, lugha yetu. Wetu alielewa kila neno, ila uzee ulikuwa umemmaliza.

Mdogo wangu alikuwa amefeli somo moja. Mtihani wa kurudia ulikuwa keshokutwa, na basi la kwenda chuoni lilipita Vwawa kesho yake alfajiri. Akasema haendi, amepata kazi Tunduma ya kupakia mahindi kwenye malori. Sikumgombeza. Nilimwambia anieleze kwanza kilichomshinda, maana kama ni kushindwa tulikuwa tumeshindwa wote.

"Vipokezi, Dada."

"Ndiyo nini hivyo?"

Akaniambia mwili umejengwa kwa seli, vitu vidogo visivyoonekana kwa macho, na kila seli ina ngozi yake. Kwenye ngozi hiyo vimesimama vipokezi, kama watu mlangoni, nusu nje, nusu ndani. Ujumbe ukifika hauingii. Unamshika kipokezi kwa nje, naye anamtafuta mwenzake, wanashikana, na huko ndani ndiko habari inakosikika.

"Kwa nini asiupeleke ujumbe peke yake?"

"Hawezi. Na akishikana na wa aina yake, seli inasikia hivi. Akishikana na wa aina nyingine, ujumbe ni uleule, lakini seli inasikia vingine."

Nilisimamisha plau. "Ujumbe uleule?"

"Uleule. Halafu kuna mmoja hapokei ujumbe wowote, ni kama kiziwi. Kuna mwingine anapokea, ila sehemu yake ya ndani karibu haifanyi kazi. Hao wawili wakikutana ndio wana nguvu kuliko wote. Mimi nilikariri kila mmoja na kazi yake, mtihani ukauliza wakiwa wawili wawili."

Kichwa kiliniuma. Niliwaita ng'ombe kwa Kinyiha wageuke. Wetu akageuka taratibu kama kawaida yake. Yule wa Kamsamba, aliyekuwa hajaelewa kitu, akasukumwa shingoni na nira, akavuta kwa nguvu zake zote. Plau likaruka mistari miwili, nami nikaburutwa nyuma yake.

Kitinda mimba akacheka mpaka akakaa chini. "Dada, umemwambia ageuke au akimbie?"

"Nimesema kama ninavyosema siku zote!"

Mdogo wangu hakucheka. Alikuwa anaangalia zile shingo mbili. "Wetu anasikia, hana nguvu," akasema polepole. "Huyu ana nguvu, hasikii."

"Sawa, lakini hawa nimewafunga nira mimi. Hao wa kwako nani anawafunga?"

"Ujumbe wenyewe, Dada. Ukimshika yule anayesikia, anakunjuka, anapata pa kumshikia mwenzake."

"Yaani mwito ndio unaofunga nira?"

Akasema ndivyo. Sikuelewa, na nilimwambia sikuelewa. Akachora kwenye udongo kwa fimbo, akafuta, akachora tena. Kila nilipouliza alijibu haraka zaidi, na kila alipojibu nilipotea zaidi. Nilizidi kuuliza hivyohivyo, kwa sababu tangu arudi sikuwa nimemsikia akisema maneno mengi kiasi kile.

Jua likafika utosini. Mjane akaja. "Profesa, ng'ombe wangu amesajiliwa chuo gani? Saa sita hii."

"Mama, tusamehe, shamba halijafika hata nusu," nikasema.

Akautazama mchoro, akamtazama mdogo wangu. "Huyu si alisema harudi chuo?"

Mdogo wangu akainama tena, akaendelea kuchora.

"Haya," mjane akasema, "kaeni na ng'ombe wangu mpaka jioni. Lakini kesho mnanilimia bondeni, eka nzima, nyinyi wote."

"Mimi sitakuwepo, Mama," mdogo wangu akasema, bado ameinama. "Kesho alfajiri niko kwenye basi."

Mjane akanigeukia. "Basi mwanangu, deni ni lako."

Nikaitika. Alfajiri nilimsindikiza mdogo wangu barabarani, kitinda mimba akaenda shule, nami nikashuka bondeni na ng'ombe wawili, bila mtu wa kuongoza mbele. Niliita kwa Kinyiha, nikajaribu na maneno machache ya Kisukuma niliyowahi kuyasikia, nikazidi kuwachanganya. Jua lilipozama nilikuwa nimelima robo eka. Zilibaki robo tatu.