Miche Chini ya Karabai

Fundi wa karabai, zile taa za pampu, wa mtaa wetu wa Katandala alikuwa na vidole vilivyonukia mafuta ya taa na sauti ndogo, kama mtu anayeogopa kumwamsha aliyelala. Asubuhi za ukungu, taa yake ilipovuma, chumba chake kisicho na dirisha kilijaa weupe laini, ukaona kama umeingia ndani ya yai. Mwaka mmoja, enzi ya Mwingereza, baridi ya mwezi wa sita iliunguza miche yote ya nyanya ya mama yangu. Fundi akaziomba mbegu chache zilizobaki, akaziotesha ndani, kwenye makopo, chini ya taa yake mwenyewe. Zikaota, lakini miche ikarefuka, myembamba, ikalala. Mama akampelekea chupa ya mafuta ili awashe taa ya pili. Akaikataa.

"Mwanga upo, Mama Luciana. Unaishia ukutani tu."

Akakata madebe, akayasugua kwa majivu mpaka yakang'aa, akaizungushia miche. Kisha akaishusha taa kidogo kidogo, kila mara akitanguliza kiganja kupima joto. Siku zote hizo yeye alikula kwa mwanga wa moto wa jikoni. Wiki ya pili miche ikasimama, mashina manene, majani ya kijani kibichi. Mama alipokuja na kikapu, mimi nikiwa naye, fundi alimpakilia mmoja mmoja, polepole, halafu mkono wake ukasita juu ya mche wa mwisho.

"Huu niachie," alisema bila kututazama. "Nimezoea kuusalimia asubuhi."