Katibu Asiyeomba

Katibu wa hospitali yetu hapa Same haombi, husifu. Akiona paa lako jipya hushika kiuno, hutikisa kichwa na kusema taratibu, "Paa zuri! Kumbe mabati yalibaki, jirani!" Kabla hujajibu, mabati yako kwenye mkokoteni wa hospitali. Mwezi uliopita ruzuku haikutosha, wazazi waliojifungua wakawa wanalala wawili wawili godoro moja, naye akapita mlango kwa mlango kusifu magodoro. Tulichanga. Siku mkewe alipokuja kumjulia hali mzazi mmoja wa Myamba wodini, alilipapasa godoro lake, akaligeukia dirisha alipojibanza mumewe.

"Baba Erasmo, hili si letu?"

Katibu akakohoa. Mzazi akataka kuinuka.

"Lala, mwanangu," mke wa katibu akasema, akimfunika mtoto vizuri. "Wa kulala chini leo namjua."