Zizi Alilolala Babu

Mpimaji wa kampuni ya pili ya simu alipigilia kigingi cha mnara katikati ya zizi letu pale Nkoma, na tangu siku hiyo sikutulia. Chini ya kigingi kile alilala babu. Kwetu Usukumani mwenye kaya wa zamani alizikwa zizini, ng'ombe wake wakilala juu yake. Mpimaji hakulijua hilo. Baba alilijua, na bado akamkubalia.

Nilimkasirikia baba. Soko huria lilikuwa linatuletea kampuni za simu moja baada ya nyingine. Ya kwanza ilisimamisha mnara kwa jirani, naye kwa kodi yao akaezeka bati nyumba nzima. Sasa hawa walikuja na intaneti ya kasi, baba akaona zamu yake imefika. Mama alimuuliza kwa nini wasitumie mnara uliopo.

"Mafahali wawili hawakai zizi moja," baba alimjibu. "Hawa wanagombea wateja, mama watoto. Watapandaje mnara mmoja?"

Akahamishia ng'ombe bondeni, kwenye boma jipya la miiba. Zizi likabaki tupu. Kila nikisikia gari nilitoka mbio nikidhani wamekuja kuchimba. Nikirudi nashika ufagio, nauacha, natoka tena. Nilijua siwezi kumzuia mtu, lakini kukaa ndani kulinishinda.

Gari lilipokuja kweli, lilitupita likaenda kwa jirani. Baba alivaa koti akalifuata, nami nyuma yake. Tukakuta mafundi wawili wako juu ya mnara, wanafunga vifaa vyao chini ya vile vya wenzao. Wa tatu alishika kamba chini.

"Mwadila," baba alimsalimu kwa Kisukuma. "Mbona mnapanda mnara wa watu?"

"Tumepanga humu, mzee. Mmoja unatutosha wote. Kwako hatujengi tena."

Nilitamani kupiga vigelegele. Baba alishuka bondeni, akawafungulia ng'ombe mchana ule ule na kuwaswaga hadi zizi la zamani. Walipokwisha kuingia, alibaki mlangoni, kofia mkononi, macho chini. Sikuwahi kumsikia akimwomba radhi mtu aliye hai.

"Baba, nisamehe," alisema. "Nilikuwa nimeshakupangisha."