Ngitili Ukutani

Wengine huchora kwa sababu wana amani. Mimi ukuta wa kanisa letu niliuchora kwa hasira, na sioni haya kusema.

Baba mdogo, mzee wa kanisa, alikuwa ameikata ngitili yetu, lile pori la akiba ambalo ukoo uliwafungia ng'ombe wasiingie mpaka kiangazi kikali. Miti yote ilikwenda machimboni Kharumwa kuwa matimba, yale magogo ya kuzuia mashimo ya dhahabu yasiporomoke. Hakumuuliza mtu. Mwezi uleule nikaombwa nichore bustani ya Edeni nyuma ya madhabahu. Nikaamua kuchora ngitili yenyewe, kila mti pale uliposimama, aitazame kila Jumapili akiwa kwenye kiti chake cha mbele mpaka imchome.

Rangi nilichimba mwenyewe: udongo mwekundu wa kichuguu, mweupe wa bondeni. Mama alinifundisha zamani, tukisiriba nyumba, kwamba udongo hauchukuliwi bure. Unaacha unga kidogo wa mtama pale ulipochimba, unashukuru. Nikafanya hivyo kwa mazoea, nimenuna. Kisha nikajikuta siwezi kuchora mti bila kuushukuru. Mkwaju, asante kwa uji wetu. Mgunga, asante kwa kivuli na kwa gundi. Mkono ukawa mwepesi, nikahisi Mungu yuko karibu kuliko nilivyotaka siku zile.

Nilipofika kwenye mninga nikakwama. Mti ule ni baba mdogo aliyenionyesha. Alinibeba mabegani nikiwa mdogo, akanigusisha gome lake, akanitajia jina. Nililia kwa uchungu, maana hata katika kushukuru sikuweza kumkwepa.

Basi nikamchora humo humo. Kijana mwenye shingo ndefu, mtoto mabegani, hana shoka.

Jumamosi alikuja kuangalia.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba."

Alivua kofia, akamsogelea yule kijana wa ukutani.

"Mwanangu," akasema, "nitoe humo."

"Sikutoi. Humo ndimo nilimokupenda."

Kesho yake alikaa kiti chake kilekile. Mchungaji akatualika kwenye sala ya shukrani, tukafumba macho. Baada ya amina watu wote walifumbua, isipokuwa yeye, midomo yake bado ikisali. Nikashukuru tena, safari hii kwa sauti: Baba mdogo, asante kwa mninga.