Madawati ya Kuonyesha Wageni

Wifi yangu anafundisha darasa la kwanza, na shule nzima inamwita Mama Magoti. Watoto wake hawana dawati hata moja. Wanaandika wamelala kifudifudi kwenye sakafu ya saruji, naye huwapigia magoti mmoja mmoja kuwashikisha penseli, mpaka magoti yameota sugu. Mimi nafundisha darasa la pili, ukuta mmoja tu kati yetu. Darasa langu lina madawati waliyochanga wazazi, na ni madawati yanayotembea kuliko mimi.

Yanatembea kila anapokuja mkaguzi. Mwalimu mkuu humleta kwangu kwanza, kisha humpeleka ofisini kunywa soda. Soda ile hainywewi haraka. Mkuu atauliza habari za nyumbani mpaka za shangazi. Huku nyuma wanafunzi wakubwa wanabeba madawati yangu, wanayapitisha mlango wa nyuma na kuyapanga kwa wifi. Mgeni akiingia huko anakuta watoto wameketi kama maofisa. Anaondoka ameridhika, na serikali ikigawa madawati inapeleka shule nyingine, maana sisi tunayo. Na bado tulijiona wajanja.

Safari hii, asubuhi ya ukaguzi, wifi aliniambia hatayapokea madawati yangu. Nikamwambia aache wazimu. Kaka yangu hana kazi tangu kiwanda kifungwe, mshahara wa wifi ndio unaowalisha yeye, watoto na mama yetu, na mkuu ni mtu wa kuweka kinyongo. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaenda darasani kwake.

Mkaguzi akaja, akasifu madawati yangu, akapelekwa kwenye soda. Wanafunzi wakubwa wakaanza kubeba. Mara mmoja akanirudia mbio: mlango wa nyuma wa darasa la kwanza umefungwa kwa ndani.

Nikatoka, nikagonga polepole, nikamwomba wifi afungue. Nikamwambia mama atalala njaa kwa ajili ya kichwa chake kigumu. Ndani watoto waliendelea kusoma kwa pamoja, ba, be, bi, kama vile hakuna mtu mlangoni. Nilimchukia wakati ule, sitaficha. Wabebaji walianza kuchoka, dawati moja likawaponyoka na kugonga ukuta kwa kishindo. Wakati huohuo nikasikia sauti ya mkuu ikiingia kwa mlango wa mbele.

Watoto wakanyamaza. Nilimsikia mkuu akisema, bila hata kukohoa, kwamba madawati ya darasa hili yako kwa fundi. Mkaguzi akamuuliza wifi yamepelekwa lini. Badala ya jibu nikasikia komeo likivutwa, na mlango wa nyuma ukafunguka.

Tulikuwa tumesimama pale, mimi na wale wanafunzi wakitoka jasho, madawati vichwani. Mkaguzi akaja mpaka mlangoni, akashika lililo karibu, akanitazama mimi.

"Mwalimu, haya si ndiyo niliyoyaona kwako sasa hivi?"

Nyuma yake mkuu alikuwa amenikazia macho. Nilijua anachotaka niseme. Wifi hakunitazama kabisa. Alikuwa anamfuta mtoto mmoja vumbi kifuani.

"Ndiyo hayohayo," nikasema. "Na mwaka jana yalikuwa hayohayo."

Mkuu akamgeukia wifi. "Umenivua nguo mbele ya mgeni."

"Nguo zenyewe tuliazima, mkuu," wifi akamjibu.

Hakuna aliyecheka. Mkaguzi aliwaambia wanafunzi wayarudishe madawati kwangu, kisha akabaki mle kusikiliza somo mpaka kengele, amesimama, kwa kuwa hapakuwa na pa kukaa. Mkuu naye ikabidi asimame.

Mpaka leo mkuu hatusalimii, na kwa wiki nyingi wifi alikuwa akishtuka kila akiitwa ofisini. Lakini muhula uliofuata lori liliingia getini, na darasa la kwanza likapata madawati yake. Siku ya kwanza nilichungulia dirishani. Wifi alimwendea mtoto wa mbele, na kwa mazoea akapiga magoti. Daftari halikuwa sakafuni tena, lilikuwa juu ya dawati. Alikaa hivyohivyo chini, ameshika ukingo wa dawati, analia.